Mkate Mmoja, Saumu Mbili: Vitamu vya Siku Kuu Kisiwani Saiprasi

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, kisha wakaongeza ya kwamba mtembezi hula miguu yake. Hilo la kwanza nalikubali bila ya ubishi. Hilo la pili naliomba radhi, kwa maana mwezi wa Aprili mwaka 2023 nilitembea katika kisiwa cha Saiprasi, na badala ya kula miguu yangu nilikula vitu ambavyo naona si haki kuvinyamazia. Kina mama wa Mwambao hawahitaji kufundishwa upishi wa siku kuu na mtu ye yote. Lakini mpishi hodari hachoki kusikia jinsi mwenzake wa mbali anavyokanda unga wake, hasa akijua kwamba mwenzake huyo naye anapika akiwa amefunga, akiusubiri mwezi uandame.

Saiprasi, ambayo Waarabu huiita Qubrus, ni kisiwa cha bahari ya Mediterania, na ukubwa wake ni kilomita za eneo 9,251. Kiko karibu sana na Uturuki na Sham. Wakazi wake wengi ni Wakristo wa Orthodox wenye kusema Kigiriki, na pamoja nao kuna Waislamu wenye kusema Kituruki, ambao asili ya jamii yao kisiwani ni utawala wa Waturuki wa Uthmaniya uliokiteka mwaka 1571. Waingereza walikabidhiwa uendeshaji wa kisiwa mwaka 1878, na uhuru ukapatikana mwaka 1960. Rais wa kwanza alikuwa Askofu Mkuu Makarios, ambaye Waingereza walikuwa wamempeleka uhamishoni Seychelles mwaka 1956, kwenye bahari hii hii yetu. Alizuru Kenya mwaka 1971, na jina lake lingali juu ya chuo cha mapadri wa Orthodox huko Riruta, Nairobi.

Kwa Mwislamu, hata hivyo, kisiwa hicho kina jina jingine la kukumbukwa kabla ya hayo yote. Kando ya ziwa la chumvi la mji wa Larnaca, chini ya mitende, kuna kaburi la Bibi Umm Haram bint Milhan, radhiyallahu anha, mke wa Ubada bin Samit na khaleti yake Anas bin Malik. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliota nyumbani mwake kuhusu watu wa umma wake watakaopanda bahari, na Bibi huyo akaomba aombewe awe miongoni mwao. Yapata mwaka 649, katika msafara wa Muawiya, alifika Saiprasi, akaanguka kutoka juu ya mnyama aliyempanda, akafariki na kuzikwa huko. Waturuki wa kisiwa humwita Hala Sultan. Wenye kuzuru kaburi lake ni Waislamu hasa, lakini wakazi watakwambia kuwa hata Wakristo huingia pale kwa heshima.

WIKI YA SAUMU MBILI

Mtoto wa dada yangu anasoma katika mji mkuu wa Nicosia, upande wa kusini, na ndiye aliyenialika. Sikuwa nimeangalia kalenda ya Wakristo wa Orthodox, ambao Pasaka yao mara nyingi huwa siku tofauti na ile ya makanisa mengine. Mwaka huo Pasaka yao iliangukia tarehe 16 Aprili, na Idi-el-Fitri ikawa tarehe 21. Ni siku tano tu baina yao! Kwa hiyo nilipofika, kisiwa kizima kilikuwa katika saumu. Sisi tukifunga kwa namna tuijuayo, kuanzia alfajiri hadi magharibi. Wao, wale washikao dini yao barabara, walikuwa na siku zaidi ya 40 hawajatia kinywani nyama, wala maziwa, wala jibini, wala yai.

Mama mwenye nyumba aliyopanga mpwa wangu alitukaribisha jikoni mwake siku ya Jumamosi, mkesha wa Pasaka yao. Mezani palikuwa na mlima wa jibini iliyokunwa, bakuli la mayai, zabibu kavu, nanaa iliyokaushwa, na sinia la ufuta uliochemshwa ukaanikwa. Alikuwa akitengeneza flaouna, yaani mkate mdogo wa hamira uliojazwa jibini na mayai, ukakunjwa pembe tatu au nne huku katikati pakiachwa wazi, kisha ukapikwa katika tanuri hata ukafura na kuwa na rangi ya dhahabu. Hiki ndicho Wagiriki wa kisiwa hufungulia saumu yao baada ya ibada ya usiku wa manane.

Nikatazama jambo moja likanichekesha moyoni. Jikoni tulikuwa wanawake watatu, na mikono yetu sote imezama katika jibini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuonja. Sisi wawili tulikuwa na saumu ya Ramadhani, na mwenyeji ana saumu yake ambayo jibini ni mwiko. Mpwa wangu akasema, "Mama mdogo, chumvi tutaijuaje?" Nikamweleza ruhusa ya mpishi tuliyofundishwa na wakubwa wetu, ya kugusisha ncha ya ulimi bila ya kumeza, kisha kutema. Yule mama alipotafsiriwa akatikisa kichwa, akasema kwao hata hilo hawalifanyi. Akachukua donge la mchanganyiko, akalinusa mara mbili, akaongeza konzi ya jibini isiyo na chumvi. Basi. Miaka mingi ya kunusa imempa ulimi puani.

UPANDE WA PILI WA MSTARI

Sasa msomaji lazima aelezwe habari ya mstari. Mwezi wa Julai 1974 palitokea mapinduzi yaliyoungwa mkono na wanajeshi waliokuwa wakitawala Ugiriki, na siku chache baadaye majeshi ya Uturuki yakatua kisiwani. Kisiwa kikagawanyika. Wagiriki zaidi ya laki moja na nusu walihama kaskazini wakakimbilia kusini, na Waturuki makumi ya maelfu wakahama kusini wakaenda kaskazini. Watu waliacha funguo milangoni na unga katika mitungi. Upande wa kaskazini ulijitangaza nchi mwaka 1983, lakini hakuna serikali inayoutambua ila ya Uturuki. Baina ya pande hizo mbili kuna ukanda unaolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, nao unapita katikati ya Nicosia. Kwa karibu miaka 29 watu wa kawaida hawakuweza kuuvuka, mpaka tarehe 23 Aprili 2003 vizuizi vilipofunguliwa na watu wakajipanga kwa maelfu kwenda kutazama nyumba zao za zamani.

Siku mbili kabla ya Idi tulivuka kwa miguu, tukionyesha pasipoti zetu, tukaingia upande ambao mji huohuo huitwa Lefkoşa. Tulikwenda nyumbani kwa bibi mmoja, nyanya yake rafiki wa mpwa wangu. Jina lake sitalitaja kwa kuwa hakupenda. Vijana wote wa mtaa humwita teyze, maana yake khaleti, nami nikamwita vivyo hivyo ingawa hatukupishana miaka mingi. Amezaliwa katika kijiji cha wilaya ya Paphos, upande wa kusini, akahama akiwa msichana wa miaka 19.

Tulipofungua mlango wa jikoni nilidhani macho yananidanganya. Mlima wa jibini iliyokunwa. Mayai. Nanaa kavu. Zabibu. Ufuta katika sinia. Nikamwuliza mpwa wangu kwa Kiswahili, "Hivi si ndivyo vilevile vya Jumamosi?" Teyze akaelewa bila ya kutafsiriwa, akacheka. Akasema hii si flaouna, hii ni pilavuna. Waislamu wa kisiwa huipika Ramadhani na kwa ajili ya Idi, ambayo wao huiita bayram.

Baadaye, tulipokwisha kuwa wazoefu, alinieleza zaidi. Kijijini kwao walikaa Waturuki na Wagiriki pamoja, na mamake alikuwa na jirani Mgiriki waliyechangia tanuri moja la udongo lililojengwa uani, lenye kuba kama kichuguu. Ikifika Pasaka, jirani huleta sahani. Ikifika bayram, sahani hurudi kwa jirani, wala haikurudi tupu hata siku moja. Nikamwambia hilo tunalijua sana, sahani ya jirani hairudi kwao ikiwa tupu. Mwaka 2003 mstari ulipofunguliwa alikwenda kutazama kwao. Nyumba yake ilikuwa inakaliwa na mama wa Kigiriki ambaye mwenyewe alifukuzwa kwao kaskazini. Wakatazamana mlangoni. Yule mama akamkaribisha ndani, akamletea maji, kahawa na kijiko cha tamutamu ya jozi mbichi, kama desturi ya kisiwa impasavyo mgeni. Teyze aliomba kitu kimoja tu, aone tanuri. Lilikuwa limebomoka kuba, na ndani yake pamefugwa kuku.

Nikamwuliza kama alilia. Akasema, "Nililia nilipofika nyumbani. Pale nilikuwa mgeni, na mgeni halii katika nyumba ya watu."

JINSI YA KUIPIKA

Nimeipika pilavuna mara kadhaa tangu niliporudi Mombasa, na vipimo hivi vinanitosha kwa mikate 20 hadi 24.

Kwa unga wa nje: unga wa ngano kilo 1, hamira kavu vijiko 2 vidogo, sukari vijiko 2 vikubwa, chumvi kijiko 1 kidogo, samli gramu 100, na maziwa vuguvugu kama nusu lita au kuzidi kidogo. Changanya, kanda kwa dakika kumi, funika, na uache uumuke kwa saa moja. Waturuki wana kipimo chao cha kujua kama unga umekandika. Hubinya unga kwa vidole viwili, kisha hubinya ndewe ya sikio, na ulaini ukilingana wanajua umekuwa. Kipimo hicho hakina gharama, kwani kila mtu anacho kichwani mwake.

Kwa kujazia: jibini gramu 800, nusu yake iwe ngumu na nusu iwe hellim, ile jibini nyeupe ya kisiwa ambayo Wagiriki huiita halloumi. Asili yake ni maziwa ya kondoo na mbuzi, na nanaa hutiwa ndani yake. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliisajili kwa majina yote mawili, kwa hiyo hakuna anayeweza kuiuza huko kwa jina hilo isipokuwa imetengenezwa kisiwani. Mtu wa kwetu asome karatasi ya jibini, au aulize muuzaji, maana jibini nyingi hugandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa ndama, na ni wajibu wetu kujua amechinjwa vipi. Zipo zinazogandishwa kwa mimea, na hizo hazina shaka. Ukikosa hellim, tumia jibini yo yote ngumu isiyoyeyuka upesi.

Kuna jibini kwa gramu 800, basi ongeza suji, yaani chenga za ngano, gramu 100, mayai 6, nanaa kavu vijiko 2 vikubwa, zabibu kavu gramu 150, hamira kijiko 1 kidogo. Wagiriki hutia pia mahlepi, ambayo ni kiini cha kokwa ya mcheri wa mwituni kilichosagwa, na mastiki, utomvu wa mti unaogemwa katika kisiwa cha Chios. Harufu zake ni za namna ya peke yake. Mimi nikikosa hutia iliki kidogo, na wageni wangu hawajawahi kulalamika. Mchanganyiko uwe mzito kama wa kababu, si wa kumiminika. Kule huuacha ulale usiku kucha. Kwa joto letu la Mombasa, uweke katika friji, kwani mayai na jibini havina urafiki na fukuto.

Kisha kata unga madonge ya ukubwa wa limau kubwa, ukayasukume kama chapati ndogo, upana wa kiganja kilichonyooshwa. Lowesha upande mmoja na uukandamize juu ya ufuta. Geuza, weka vijiko vitatu vya jibini katikati, kunja kingo pande tatu au nne kuelekea ndani, lakini usifunike. Ile jibini lazima ionekane, kwa sababu ndani ya moto hufura na kuchungulia. Pakaza yai, acha dakika 20, kisha pika katika oveni kwa joto la nyuzi 190 kwa nusu saa hivi. Mwenye kutumia jiko la makaa na kupalia moto juu na chini, kama tupikavyo mkate wa mayai, ataweza pia ikiwa moto wa juu ni mpole.

Nyongeza kwa wenye haraka ni kurabiye, ambayo Wagiriki huipika Krismasi na Waturuki huipanga mezani siku ya Idi. Piga siagi gramu 250 na sukari laini gramu 100 mpaka iwe nyeupe. Tia kiini cha yai moja, kijiko kikubwa cha marashi mawaridi, lozi zilizokaangwa na kukatwakatwa gramu 120, baking poda kijiko kimoja kidogo, na unga wa ngano kama gramu 400, hadi ushikane bila ya kunata. Fanya viduara, pika kwa nyuzi 175 dakika 20, visigeuke rangi sana. Vikipoa, vinyunyizie sukari laini hata viwe kama vimevaa kanzu. Mwenye kujua nankatai au vileja atamtambua ndugu yake mara moja.

UKOO WA VITAMU

Naam, ndugu. Nilipokuwa nikila kwa watu nilianza kuhesabu ukoo. Kule kuna lokma, madonge madogo ya unga wa hamira yaliyokaangwa yakatoswa katika shira. Neno lenyewe ni la Kiarabu, luqma, maana yake tonge. Nasi hapa tuna kaimati, na yule wa Ghuba ana luqaimati yake. Katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 kuna kitamu kiitwacho tonge za kadhi. Kadhi huyo ametembea sana, maana amefika Saiprasi na amefika Lamu.

Hizo lokma, pamoja na kuliwa kwa furaha, Waturuki huzikaanga na kuzigawa kwa ajili ya roho za marehemu, kama sisi tunavyotoa chakula cha khitma. Idi ya mwaka 2023 ilikuwa na huzuni upande huo. Tetemeko la ardhi la tarehe 6 Februari nchini Uturuki liliangusha hoteli katika mji wa Adıyaman, na ndani yake walikuwamo wanafunzi wa Famagusta waliokwenda kushindana mpira wa wavu, pamoja na wazazi na walimu wao. Watoto hao hawakurudi. Kwa hiyo nyumba nyingi zilipika, lakini hazikupiga kelele. Asubuhi ya Idi watoto walikuja kubusu mkono wa teyze na kuuweka juu ya paji la uso, naye akawapa fedha, mkono wa Idi kama wetu, na kila mtoto alimshika shingoni kidogo zaidi ya desturi.

Ukoo huo wa vitamu una chanzo chake pia katika historia. Miwa ilienea pande zile za bahari baada ya Waarabu kuzifikia, na katika karne ya 14 na 15 Saiprasi ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa sukari kwa Ulaya. Magofu ya vinu yangaliko Kolossi, Episkopi na Kouklia. Kisha Wareno walipanda miwa katika kisiwa cha Madeira, sukari ya bei nafuu ikaja kutoka bahari ya Atlantiki, na mashamba ya Saiprasi yakageuzwa kuwa ya pamba. Mtu maskini, hata zamani za sukari, alitegemea asali ya kharubu, mti wenye maganda meusi matamu. Mbegu za kharubu zilitumika kupimia dhahabu, na kutokana nazo likaja neno karati ambalo masonara wetu wanalitumia hadi leo.

NI YA NANI?

Kuna watu kisiwani ambao watakwambia flaouna ni ya Wagiriki, Waturuki waliiiga. Wengine watakwambia kinyume. Nimesikia mabishano hayo kwa masikio yangu, na yalikuwa makali kuliko mabishano ya mpira. Siwalaumu. Mtu aliyenyang'anywa nyumba, shamba na kaburi la babake, akabakiwa na mapishi tu, atayashika mapishi hayo kwa meno.

Lakini nilimwuliza teyze, kwa kuwa yeye ndiye aliyepoteza tanuri. Aliendelea kukunja mikate kama hakusikia, kisha akasema kwamba mamake alifundishwa kukunja pembe tatu na yule jirani Mgiriki, na jirani alifundishwa na mamake kutia nanaa nyingi. "Ukitaka kujua ni ya nani," akasema, "kwanza uniambie ni ipi kati ya pembe hizi ni ya Mturuki."

Jambo linalomkera yeye ni jingine kabisa. Binti yake anakaa London, na pilavuna hununua dukani. Wajukuu hupenda keki za dukani zenye rangi. Siku tuliyopika, wa kumsaidia walikuwa wageni wawili kutoka Mombasa. Vipimo vyake havikuwa katika karatasi yo yote. Alipima kwa konzi, kwa bakuli moja la bluu lililopasuka ukingo, na kwa ndewe ya sikio. Bakuli hilo ndilo kitu pekee cha jikoni alichotoka nacho kijijini. Mpwa wangu alikwenda dukani akanunua mizani, na kila konzi ya teyze tukaipima kabla haijaingia katika unga. Mwanzoni alituona watoto. Mwisho yeye mwenyewe alianza kusema, "Ngoja, pimeni kwanza." Vile vipimo nilivyokuandikia hapo juu, msomaji, ndivyo konzi zake. Nakala moja iko kwangu, nyingine imekwenda London kwa bintiye, na mjukuu wake wa Lefkoşa ameitafsiri kwa Kituruki akaibandika mlangoni mwa kabati.

Nami nauliza, je, kwetu hali ikoje? Ni nyumba ngapi za Mji wa Kale, za Lamu, za Malindi, ambamo vileja, visheti na mkate wa mofa hupikwa na bibi mmoja tu aliyebaki, na wengine wote wanangoja kununua? Kununua si dhambi, na mwenye kuuza anatafuta riziki ya halali. Lakini bibi huyo akiondoka, ataondoka na konzi yake. Sisi hatukugawanywa na mstari wa askari, hatuna hata udhuru huo. Kalamu ipo, mizani ipo, na Ramadhani hurudi kila mwaka ila sisi ndio hatuna hakika ya kurudi nayo.

Basi katika kumi la mwisho, wakati nyumba inanukia iliki na marashi, mwite binti yako au mwanao wa kiume, maana siku hizi nao wanajua kushika mwiko, akae karibu na bibi yake na mizani mkononi. Kabla bibi hajamimina, amwambie kwa adabu, "Bibi, ngoja nipime kwanza." Na sahani ya kwanza itakayotoka motoni ipelekwe kwa jirani, awe wa dini yo yote.